Kwa Kwamboka, Anayekwenda Kubana Matumizi

Mwanangu Kwamboka,

Umepanda mlimani kumuaga nyanya yako, na najua hatakuachilia mpaka ule. Mimi nimebaki hapa Kiogoro na sanduku lako liko wazi juu ya kitanda. Badala ya kukunja nguo nimeketi kukuandikia kabla jua halijazama, kwa sababu ukirudi nyumba itajaa watu na kesho asubuhi utakuwa umekwenda.

Sitakuambia uchemshe maji wala ulale ndani ya neti. Huko nyanda kavu unakokwenda utajifunza mwenyewe kuishi na jua. Jambo dogo tu: ukinipigia simu mbele ya wenzako ukaniita "baba", watashangaa kusikia sauti ya mwanamke. Waeleze kwamba kwetu Gusii mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Mengine yote ya nyumbani nayaacha.

Ninalotaka kukuambia ni lile nililoshindwa kulisema jana mezani. Tata yako alikuuliza hiyo kazi ya afisa wa bajeti ni ya kufanya nini hasa. Ukaweka tonge la obokima kwenye sahani ukacheka.

"Tata, kazi yangu ni kusema hapana," ukasema. "Serikali inakula kuliko inavyolima. Kaunti imekubali kwamba matumizi yasikue kupita mapato, na mimi ndiye mlinzi wa hicho kikomo."

Tata yako akafurahi, akasema hatimaye nyumba hii imezaa askari. Wewe ukanigeukia mimi, niliyefanya kazi hiyo kabla yako, ukangoja nikupongeze. Nikakuongezea mboga. Niliona uso wako ukinywea, na hilo limenikera tangu jana. Sikunyamaza kwa kuwa sijivunii. Nilinyamaza kwa sababu maneno yako yalikuwa yangu, neno kwa neno, na yaliponitoka mimi nilikuwa na furaha kama uliyokuwa nayo.

Nilianza kazi kaunti zikiwa bado changa. Jina la kaunti niliyoitumikia siliandiki hapa, kwa maana barua husomwa hata na wasioandikiwa. Nilipewa meza katika ofisi ya bajeti, na nilichokiona mezani pale kilinifanya nishuku kila mtu aliyeingia mlangoni. Kila mwaka tulitumia kuliko mwaka uliopita. Magari yaliongezeka, wasaidizi wa wakubwa waliongezeka, semina ziliongezeka, na wakandarasi waliokwisha kufanya kazi walikaa kwenye ngazi wakisubiri malipo kama wagonjwa. Wakubwa wetu wakasema tatizo ni mapato, yaongezwe. Wakawapandishia kodi ya kibanda akina mama wauza ndizi sokoni. Mwaka uliofuata matumizi yakapanda tena.

Waheshimiwa wa bunge la kaunti nao kila mmoja alitaka jengo. Hawakuomba dawa wala muuguzi. Jengo lina ukuta wa kuandikwa jina na utepe wa kukatwa, na muuguzi hana ukuta. Nakumbuka mmoja aliyenijia akitaka banda la soko katika wadi yake. Mtu mnene, mchangamfu, anayekushika mkono kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, lile banda la kwanza bado halijaezekwa," nikamwambia.

"Lile ni la yule niliyemshinda. Watu wangu wanataka langu."

"Hakuna fungu."

Akatabasamu. "Wewe andika hapana yako, mama. Mimi nitakutana nayo kwenye bajeti ya nyongeza."

Sikumwelewa wakati huo, lakini wewe umwelewe mapema. Bajeti kubwa husomwa watu wote wakiwa macho. Ya nyongeza huletwa katikati ya mwaka, magazeti yanapoandika habari nyingine, na humo ndimo hapana nyingi hugeuka kuwa ndiyo. Banda lake lilipata pesa kupitia humo.

Basi alipoletwa mkuu mpya wa fedha, Bwana Ratemo, mimi nilikuwa nimekwisha kuchoka na kila mtu. Ratemo alikuwa mzee wa kanisa, mpole, anakuja kazini na chakula chake ndani ya kopo la plastiki. Chai ya ofisi hakuinywa. Gari la serikali alilirudisha ofisini kila Ijumaa mchana, kabla ya Sabato kuingia, na nyumbani akaenda kwa pikipiki. Nilimchunguza miezi kadhaa nikitafuta doa na sikuliona. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Macho yangu yalikuwa yamezoea kutafuta wezi tu. Nilipomwona mtu asiyeiba, nikaacha kumtazama.

Siku moja akaniita. "Mama Kwamboka, tuandikie kikomo. Tusitumie zaidi ya tunachopata, na ukuaji wa matumizi usipite ukuaji wa mapato. Jengo jipya lisianzishwe kabla ya la zamani kwisha. Safari zipunguzwe."

Niliandika kwa moyo wangu wote. Kila idara nikaipa kiwango chake cha juu. Nikamuuliza kama niandike pia, ndani ya kila idara, kitakachopunguzwa kwanza na kitakachopunguzwa mwisho.

"Hapana, tusiwaingilie," akasema. "Wewe toa jumla. Wao wanajua kazi zao."

Nikaona ni heshima. Nikatoa jumla.

Tukaenda kwa wananchi, kama sheria inavyotaka, tukakutana nao katika ukumbi wa soko la kule kwa nyanya yako. Ukumbi ulijaa. Wachuma chai walikuja na makoti yao ya mvua, walimu wastaafu wakaja na maswali waliyoyaandika. Ratemo akaeleza kwamba serikali sasa itaishi kwa kipato chake kama nyumba yoyote yenye akili. Watu wakapiga makofi kwa nguvu, nami nilipiga, maana nilisubiri siku ile kwa muda mrefu.

Nyuma kabisa akasimama Sista Achieng. Unamkumbuka vizuri, muuguzi wa zahanati yetu, yule aliyekushona kidole ulipojikata na panga. Alitoka upande wa ziwa, akapanga chumba karibu na soko, na kwa miaka aliyokaa kwetu alijifunza Ekegusii mpaka akawa anawakemea wazee kwa lugha yao wasipomaliza dawa. Aliajiriwa kwa kandarasi, na kila kandarasi ilipofika mwisho iliandikwa upya.

"Naomba kuuliza," akasema. "Sisi wa kandarasi tuko wapi kwenye hicho kikomo?"

Watu wakacheka kidogo, wakidhani anajitafutia nyongeza. Ratemo akamjibu kwa upole. "Dada, tunapalilia magugu. Migomba haiguswi."

Makofi tena. Achieng akaketi. Tangu siku ile, mtu akiulizwa swali la kazi akajibu kwa mfano wa shamba, mimi najua kuna neno ambalo hakutaka kulitamka.

Idara zilileta makisio yao, yote yakiwa chini ya kikomo. Ya afya pia yalikuwa chini. Nilihakiki jumla, ikakaa sawa, nikapitisha. Sikufungua ndani. Nilikuwa nimeombwa jumla na jumla ilikuwa nzuri. Bajeti ikapita bungeni bila kelele, jambo ambalo lingepaswa kunishtua. Watu niliowajua kwa kelele walikuwa wametulia mno. Lakini nilikuwa katika furaha ya ushindi, na furaha ya namna hiyo hulaza akili. Wageni kutoka Nairobi walikuja wakatusifu kwa nidhamu ya fedha. Ratemo akatununulia keki kwa pesa zake mwenyewe.

Yaliyofuata uliyasikia vipande vipande ukiwa shule ya bweni. Ngoja niyapange.

Ilikuwa Sabato, tumetoka kanisani, mimi na tata yako tumekwenda kula kwa nyanya yako. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza. Nyanchama, mke wa Ogeto, ndugu mdogo wa tata yako, akashikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya siku aliyotarajia. Hatukuogopa. Zahanati iko chini tu ya mteremko na Achieng alikuwa amezoea kuitwa hata siku za mapumziko. Tukamshika mikono, tukateremka naye polepole chini ya miavuli.

Mlango ulikuwa na kufuli. Nikagonga kama mpumbavu, mtu anagongaje mlango wenye kufuli kwa nje. Mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo ng'ambo ya barabara akatuambia, "Siku hizi ni Jumanne na Alhamisi tu. Yule sista alirudi kwao."

Ogeto akaleta pikipiki na mwendeshaji wake. Tukampakia Nyanchama katikati, Ogeto nyuma yake amemkumbatia, nasi tukafuata kwa miguu kwenye matope. Hawakufika mbali. Tuliwakuta kwenye kibanda cha kupimia majani chai, Nyanchama amelala juu ya magunia, na mtoto alikuwa amekwisha kutoka. Nyanya yako akavua leso yake akamfunika. Mtoto alilia vizuri. Lakini damu ya Nyanchama haikukoma. Nilipiga magoti pale nikiwa na nguo yangu ya kanisani, nikabana mahali ambapo sikujua kama ndipo pa kubana, huku nikimwambia asifunge macho. Mchungaji alikuja na gari lake kutoka Nyaramba, akampeleka hospitalini mjini. Aliokolewa, lakini kizazi chake hakikuokolewa. Huyo ndiye binamu yako Nyanchera, na jina lake linasema lilivyo: mtoto wa njiani.

Tulipokuwa tunasubiri nje ya chumba cha upasuaji, nyanya yako aliniuliza, "Yule msichana wetu wa ziwani aliondoka kwa nini?"

"Wanasema mkataba wake uliisha, mama."

"Uliisha wenyewe?"

Yeye hakuuliza tena, lakini hakuniondolea macho. Alijua ninafanya kazi gani.

Jumatatu nilikwenda moja kwa moja kwa mhasibu wa idara ya afya, kijana aitwaye Mose, tuliyekuwa tukitaniana sana.

"Mose, wauguzi wa kandarasi wako wapi?"

"Mikataba yao ilifika mwisho, haikuandikwa upya. Hatukumfukuza mtu."

"Kwa nini haikuandikwa?"

Akanitazama kama anayedhani namtega. "Mama, si ulitupa kikomo? Wa kudumu sheria inawalinda, siwezi kuwagusa. Umeme lazima ulipwe. Ningepunguza nini?"

"Safari. Tuliwaambia mpunguze safari."

"Safari hatuna hata moja."

"Basi wakubwa wenu walikuwa Mombasa wakifanya nini mwezi uliopita?"

Mose akashusha sauti. "Hiyo ni kujenga uwezo."

Watu walewale, hoteli ileile, bahari ileile, lakini fungu limebatizwa jina jipya. Nikarudi ofisini nikafungua kila idara, kazi niliyopaswa kuifanya kabla. Kila mahali ilikuwa hivyo. Kilichopungua ni kile ambacho mwenyewe hakuwemo chumbani kalamu ilipopita. Vibarua wa kufagia soko, dawa za kunyunyizia ng'ombe, walimu wa chekechea. Waliokuwemo chumbani walikuwa wamejibadilishia majina.

Nikaingia kwa Ratemo bila kubisha hodi. Nilimweleza habari ya Nyanchama, yote, na damu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akaniuliza, "Kikomo kimevunjwa?"

"Hakijavunjwa."

"Basi tumefanya kile tulichoahidi."

"Uliahidi pia migomba haiguswi."

Akafungua kopo lake la chakula, akalifunga tena. "Mama Kwamboka, ningekata safari za waheshimiwa, bajeti isingepita na kikomo chenyewe kingekufa. Nilichagua kile kinachoweza kupita. Wewe ungechagua nini?"

Mpaka leo sijui alikuwa mtu wa namna gani. Huenda alilia akiwa peke yake. Huenda alipatana nao tangu mwanzo, kabla hata ya kuniita niandike. Nimeyageuza maneno yake mara nyingi na bado yananiteleza. Ila naujua ubaya wa swali lake: lilinifanya niwe mshirika wake kwa kulifikiria tu. Nilitoka ofisini kwake.

Nikaomba kusikilizwa na kamati ya bajeti ya bunge. Tata yako alinisihi nisiende. Alisema karo yako bado na nyumba haijaisha. Nilikwenda hata hivyo. Mezani alikuwepo yule mheshimiwa wa banda la soko, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Niliwaambia sitaki kikomo kipandishwe hata kidogo. Nataka kibaki palepale, lakini tuandike ndani yake. Safari, semina, magari na majengo mapya viwe na kikomo chake, kwa majina yote vinayojipa. Na anayegusa mgonjwa au mtoto asipunguzwe mpaka hivyo viwe vimekwisha kupunguzwa.

Wakasikiliza. Halafu mheshimiwa akauliza, "Huyo muuguzi unayemtetea ni wa wapi?"

"Ni wa zahanati ya kwetu."

"Nauliza kwao."

Nikajua anakokwenda. "Kwao ni upande wa ziwa."

"Kwani kwao hakuna zahanati?"

Mmoja akakohoa. Wengine wakatazama karatasi zao. Wakati ule ndipo nilipoelewa kwa nini Achieng alikuwa rahisi kukatwa. Hakuna aliyekaa kwenye meza ile ambaye alikuwa shangazi yake, wala mjomba, wala mtu wa ukoo wake. Nilitaka kuwaambia habari za haki na utu. Nilipowatazama nikaona sitafika popote, nikasema jambo jingine.

"Mheshimiwa, mwanamke aliyezaa kwenye kibanda cha chai si wa ziwani. Ni mpiga kura wa hapa, na mume wake, na ndugu za mume wake. Na kila mtu pale anajua ni kufuli ya nani."

Basi wakaanza kuandika. Nilishinda kidogo siku ile, na ushindi wenyewe ulikuwa na ladha chungu, kwa kuwa niliupata kwa kuwatisha na kura. Kandarasi za wauguzi zikarudishwa. Safari zikapewa fungu lenye jina lake halisi. Halafu ikaja bajeti ya nyongeza, na ndani yake nikakuta kitu kiitwacho "mashauriano ya kikanda". Nilipouliza ni nini, nikaambiwa nimehamishiwa idara ya mifugo. Huko nilikaa nikipanga chanjo za ng'ombe mpaka nilipostaafu. Ndiyo maana ulipokuwa unamaliza shule ulinikuta naja nyumbani nikinuka zizi, na sikukueleza kwa nini.

Kabla ya kuhama nilimfuata Achieng. Nilimkuta kwenye kliniki ya mtu binafsi katika mji mmoja kando ya ziwa, amepungua kidogo, ana mtoto wa dada yake mgongoni. Alinipokea kwa Ekegusii. Nikamwambia nafasi yake imerudi, na kwamba nilipopitisha makisio yale sikujua kama jina lake limo.

"Mama," akasema, "siku ile ukumbini, nilipouliza swali langu, wewe ulikuwa umeketi mbele. Uligeuka ukanitazama."

"Nilikutazama."

"Nikadhani umenisikia."

Hakusema kwa hasira. Akaniuliza habari za Nyanchama, akataka kujua mtoto ana uzito gani, akanieleza chakula ambacho mama apewe ili damu irudi. Aliponisindikiza alinifungia samaki kwenye gazeti nimpelekee nyanya yako. Lakini kurudi hakurudi. Alisema mahali ambapo mtu hufutwa kwa jumla, anaweza kufutwa tena.

Sasa zahanati ina muuguzi mwingine, kijana mzuri, na Jumamosi iko wazi. Mabanda ya soko yako mawili. Moja lina paa, na mbuzi hulala humo.

Usidhani kwamba nimegeuka na sasa nakutaka uwaachie watumie wapendavyo. Serikali isiyo na kikomo niliiona kwa macho yangu, na wanaoilipia ni wale wauza ndizi. Anayekuambia kwamba kila shilingi ya ziada ni ya maskini, mshuku. Waulize maskini kama waliiona. Kilinde kikomo chako hata wakikuchukia. Watakuchukia kweli, na hata hapa kwetu kuna watu wa ukoo walioacha kunisalimia kwa sababu niliwanyima banda.

Lakini mshuku pia anayelipenda neno kubana. Kubana ni kitenzi ambacho hakikai peke yake. Lazima kuna anayebanwa. Bajeti ikipita kwa utulivu, uliza nani hakualikwa. Wakikuletea jumla nzuri, ifungue, hata kama ni jioni na mkuu wako anasubiri sahihi, hata kama mkuu wako ni mcha Mungu. Hasa kama ni mcha Mungu. Na usiniamini mimi pia kupita kiasi, maana nimesimulia haya nikiwa upande wangu. Ratemo angesimulia vingine, na pengine angekuwa na sehemu ya ukweli.

Zaidi ya wote, jishuku wewe mwenyewe siku utakaposikia raha ya kusema hapana. Ile raha uliyokuwa nayo jana mezani naijua. Ni tamu, inamfanya mtu ajione msafi. Mimi nilikuwa nayo siku niliyopiga makofi ukumbini, na mikono iliyopiga makofi ndiyo hiyohiyo niliyoiosha damu kwenye bomba la hospitali.

Nasikia tata yako anafungua mlango wa nje, na sauti yako iko nyuma yake. Nyanya yako amekupa ndizi kiasi gani mpaka unahema hivyo? Nitaiweka barua hii katikati ya nguo zako, uisome ukishafika.

Nenda na baraka zangu, mwanangu. Nitakuombea kila Sabato na nitakuamini kama mama anavyomwamini mtoto wake. Ila siku nitakayosikia redioni kwamba kaunti yenu imesifiwa kwa kubana matumizi, sitakupigia simu kukupongeza. Nitakuuliza nani hakuja kazini Jumatatu, na nitataka unitajie jina lake.

Mimi, mama yako.